Hadithi Iliyoandikwa Nyuma ya Tikiti za Mizani

Mlipokuja kuniaga nilipostaafu mwezi uliopita mlinipa saa ya ukutani, mkaniomba kitu kimoja: niandike jinsi nilivyoikuta kazi hii, ili ninyi mnaoanza msidhani ofisi ilizaliwa ikiwa na makabati ya chuma na mashine ya kunakili. Nimekubali kwa sharti langu. Vyeo nilivyopewa na mishahara niliyolipwa vimo kwenye faili langu, na faili mnajua lilipo kwa sababu nililiweka mwenyewe. Mimi nitaandika juu ya mwaka wa kwanza tu. Ndio ulionifundisha kazi, na ndio uliokaribia kunifukuzisha.

Neno langu mnalijua. "Usifungue kitu kabla hujaandika ulivyokikuta." Najua kuna wawili kati yenu wanaolisema wakati wa chai kwa sauti yangu, na mmoja analisema vizuri kunishinda. Sina kinyongo. Lakini ni vyema mjue lilikotoka, kwa sababu mimi mwenyewe nilifungua kwanza.

Ilikuwa mwaka wa 1955. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule ya misheni, naishi kwa wazazi wangu upande wa mashariki wa Thika, ambako baba alilima mahindi na mbaazi. Mchungaji wetu mstaafu alikuwa katibu wa kamati ya wakfu, na alikuwa akitafuta mtu anayeandika Kiswahili kisafi na anayeweza kwenda Ruiru na kurudi bila matatizo. Mtakumbuka, au wazazi wenu watawakumbusha, kwamba ilikuwa Hali ya Hatari. Mkikuyu hakuweza kutoka kijijini kwake bila pasi, na pasi haikupatikana kwa kuomba tu. Mimi ni Mkamba. Kwa hiyo msidhani nilichaguliwa kwa akili. Nilichaguliwa kwa kabila na kwa miguu.

Wakfu wenyewe ulikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, karibu na reli. Treni ikipita, wino ulicheza kwenye kidau. Ndani mlikuwa na meza mbili, dirisha moja zuri, na rafu ya mbao iliyojaa madebe ya biskuti, kwa sababu debe la biskuti lina mfuniko unaobana na mchwa hawapendi bati. Ndani ya madebe hayo mlikuwa na karatasi za mtu mmoja. Jina lake liko kwenye ubao wa mlangoni kwenu, sina haja ya kulirudia. Vitabu vyake vilisomwa shuleni kutoka Thika hadi Kisumu, na baba yangu, ambaye hakuwa na vitabu, alikuwa na kimoja alichokiweka sandukuni pamoja na Biblia. Maisha yake yote mwandishi huyo alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kahawa Ruiru. Aliaga dunia mwaka wa 1951.

Ofisini hatukumwita kwa jina. Tulimwita Mwenyewe, na tulimsema kana kwamba yuko. "Mwenyewe hapendi kufupishwa." "Mwenyewe huandika hivi akiwa na haraka." Mgeni mmoja kutoka Nakuru alisikia mazungumzo yetu, akaketi kwenye benchi, akangoja mpaka saa sita mchana. Tulipomuuliza anangoja nini, akasema anangoja Mwenyewe amalize kazi zake.

Ninaposema "tuli", ninamaanisha mimi na Mzee Hezroni. Alikuwa mtu wa magharibi, mpangaji wa herufi katika kiwanda cha uchapaji cha misheni kwa miaka mingi, na vitabu vyote vya Mwenyewe vilipita mikononi mwake, herufi moja moja za madini ya risasi. Alipostaafu, kamati ilimwomba aje Thika kuzitunza karatasi. Alikuwa mfupi, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuwa na uwezo ambao hakuna mwingine aliyekuwa nao duniani: aliweza kusoma mwandiko wa Mwenyewe. Kila mtu mwingine aliuona mwandiko huo akadhani kuku wamekanyaga wino.

Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa karatasi hata moja. Alinipa maji na sabuni ninawe mikono, kisha kitambaa nipanguse madebe. Siku ya pili nilinawa tena, nikaandika vibandiko, naye akanirudishia vyote kwa sababu nilikuwa napamba herufi. "Binti, hatuandiki harusi," alisema. "Andika kitu kisomeke." Siku ya tatu alinituma Ruiru kwa Mama Njoki, mjane wa Mwenyewe.

Amri ilikuwa imetoka kwamba watu wote wa mlima alikokaa wahamie kijiji kipya na nyumba za zamani zibomolewe. Nilimkuta Mama Njoki uani, vyombo vyake vikiwa nje, amekalia kigoda. Alinitazama kutoka miguuni mpaka kichwani.

"Wewe ndiye wa Hezroni?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona mdogo hivi?" Hakungoja jibu. Alinipa kiondo kizito kilichofunikwa kwa kitambaa. "Hii ndiyo hadithi yake ya mwisho. Kila jioni akitoka kazi, tukimaliza kula, alikuwa ananisomea ile ameandika hiyo siku. Mimi sijui kusoma, lakini masikio iko. Sasa ile siku ya mwisho asubuhi akaniambia, leo naimaliza, jioni utasikia mwisho. Jioni wakamleta kwa machela. Hakusema neno tena. Zile karatasi zilikuwa kwa mfuko ya koti nikaziingiza kwa kamba pamoja na zingine."

Nikamuuliza kama hakuna mtu aliyemsomea baadaye.

"Njoki, msichana wangu, alijaribu, akashindwa na hiyo maandishi. Na hii mambo ya pasi, nitafika kwa Hezroni lini? Mwambie anitafutie kitu moja tu. Hiyo hadithi iliisha ama haikuisha? Kama iliisha, nataka nisomewe. Miaka nne nangoja."

Nilibeba kiondo hicho mpaka Thika kama nimebeba mayai. Ndani mlikuwa na tikiti za mizani, zile karatasi ndefu ndefu ambazo mkulima hupewa akipima kahawa yake. Upande mmoja umepigwa chapa, una namba na mahali pa kuandika uzito. Upande wa pili ni mtupu, na huko ndiko Mwenyewe alikoandika. Zilifungwa mafungu mafungu kwa kamba ya katani. Mzee Hezroni hakuwepo, alikuwa ameenda Nairobi kutafuta kioo kipya cha miwani na angerudi baada ya siku mbili. Aliacha ujumbe kwamba kiondo kikifika nikiweke salama.

Kuweka salama kwangu kulikuwa kupanga. Niliona zile namba zilizopigwa chapa, na niambieni, ni nani aliyesoma hesabu shuleni atakayeona namba asizifuate? Nilichukua wembe, nikakata kamba zote. Nikatandaza tikiti mezani, nikazipanga kutoka namba ndogo hadi kubwa, zote mia mbili na kumi na saba, nikazitia kwenye debe safi na kibandiko kisichopambwa. Kamba nilizikusanya, pamoja na vipande vya karatasi vilivyomwagika, nikawashia jiko. Nilijiona mtu wa maana sana.

Mzee Hezroni aliporudi, nilimletea debe kwa mikono miwili. Alisoma tikiti ya kwanza, akasoma ya pili, akasoma ya tatu. Kisha akaketi.

"Binti, kamba ziko wapi?"

"Nilizichoma, mzee. Nilichemshia chai."

Akatazama jiko. "Chai ilikuwa tamu?"

"Ndiyo, mzee," nikajibu.

Akanieleza polepole. Mwenyewe hakuchukua tikiti kwa utaratibu. Aliokota zilizoharibika, hii kutoka kitabu hiki, ile kutoka kile, nyingine za miaka mitatu nyuma. Namba za chapa hazikusema lolote juu ya hadithi. Na Mwenyewe katika maisha yake hakuwahi kuandika namba ya ukurasa hata mmoja. Kamba ndiyo iliyokuwa namba. Alivyozifunga ndivyo zilivyofuatana, na hakuna mahali pengine popote jambo hilo lilipoandikwa.

Nililia. Nikasema nitakwenda kumwambia mchungaji anitafutie mwingine wa kushika nafasi yangu. Mzee Hezroni alivaa miwani yake yenye kioo kipya akanitazama.

"Kiwandani kwetu, mtu akimwaga herufi sakafuni, yeye ndiye anayeokota. Hatumfukuzi kabla hajaokota. Ukiokota zote, kamati itakaa na tutaona. Sasa nawa uso, ukishanawa uso nawa mikono."

Tulianza kwa kusoma. Alinifundisha mwandiko wa Mwenyewe kama mtu anavyofundishwa lugha ya wakwe, neno kwa neno na bila haraka. Hadithi yenyewe ilihusu fundi seremala aliyetengeneza mlango kwa ajili ya nyumba ya binti yake aliyeolewa mbali, akaubeba mgongoni kwenda kwake kwa miguu. Kila anapofika watu wanautaka mlango ule: mmoja auweke juu ya mto avukie, mwingine aufanye meza ya harusi, mwingine amlalishe mgonjwa. Sasa fikirini shida yetu. Mtu yule yule, mlango ule ule, njia ile ile. Tikiti yoyote iliweza kufuata tikiti yoyote. Wiki mbili zikaisha, na tulichokuwa tumekipata ni mashaka na macho mekundu.

Wakati huohuo mimi nilikuwa nafanya kosa la pili. Upande wa chapa wa tikiti nyingi ulikuwa na madoa hafifu ya kijivu, nami nilikuwa nimesoma mahali kwamba karatasi chafu husafishwa kwa nyama laini ya ndani ya mkate. Nilikuwa nimeshasafisha kumi, vizuri kabisa, Mzee Hezroni aliponishika mkono. Alichukua tikiti niliyokuwa nayo, akaenda nayo dirishani, akaiinamisha kwenye mwanga.

"Huu si uchafu," alisema. "Hapa pameandikwa 'begani'. Na hapa, 'akasema hata kama'."

Mimi sikuona kitu. Lakini mtu huyu alikuwa amesoma herufi za risasi kwa miaka ishirini na kitu, na herufi za risasi hupangwa kinyume ili zitoke sawasawa kwenye karatasi. Maneno yaliyogeuka kwake yalikuwa gazeti tu. Ilikuwa hivi. Mwenyewe alikoroga wino wake mwenyewe kwa unga, mzito kuliko inavyotakiwa, na hakutumia karatasi ya kukaushia. Akimaliza tikiti moja aliiacha mezani, akaweka nyingine juu yake akaendelea. Wino wa ile ya chini, ukiwa bado mbichi, ulijipiga chapa mgongoni mwa ile ya juu. Kila tikiti ilikuwa imebeba maneno machache ya ile iliyoitangulia.

Sijui niwaambieje furaha ya siku hiyo. Mzee Hezroni, ambaye hakuwa mtu wa kelele, alizunguka meza mara mbili. Kesho yake nilikuja na kioo cha mkononi cha mama yangu, na toka hapo hicho ndicho kilichokuwa chombo changu cha kazi: kioo mkono wa kushoto, penseli laini mkono wa kulia. Nasoma mgongo wa tikiti kwenye kioo, naandika maneno niliyoyaona kwenye daftari, kisha natafuta ni tikiti gani yenye maneno hayo mahali hapo hapo. Zile kumi nilizozisafisha kwa mkate zilitusumbua kuliko zote. Kama mmewahi kujiuliza kwa nini sikubali mtu ale mkate ofisini, basi sasa mnajua.

Kioo hicho nusura kitupeleke pabaya. Mchana mmoja aliingia inspekta Mzungu na askari wawili kukagua karatasi za watu wa mtaa ule. Akanikuta nimeinamia maandishi ya Kiafrika, nayasoma kwenye kioo, na daftari limejaa maneno yasiyo na kichwa wala miguu: begani, mto, hata kama, saba. Wakati ule hiyo ilitosha mtu kukamatwa. Mzee Hezroni alisimama, akamkaribisha kiti, akafungua kisanduku cha herufi za risasi alizokuja nazo alipostaafu. Akamuuliza jina lake, akalipanga kwenye kiganja chake kinyumenyume, akalipaka wino na kulipiga kwenye karatasi. Likatoka sawasawa. Kisha akamwonyesha tikiti na kioo, akamsimulia habari za seremala na mlango wake. Inspekta alikaa karibu saa nzima akijaribu kuoanisha mbili. Alishindwa, akaondoka na karatasi ya jina lake mfukoni, na askari mmoja akarudi kutoka mlangoni kutuuliza kwa sauti ya chini kama yule seremala alifika.

Hatukuweza kumjibu. Kwani njia hii ilikuwa na mpaka. Mwenyewe aliandika kila siku kidogo, na asubuhi wino wa jana ulikuwa umeshakauka. Tikiti ya kwanza ya kila siku ilikuwa safi mgongoni. Na tikiti ya mwisho ya kila siku, kwa kuwa hakuna kilichowekwa juu yake, wino wake ulibaki mweusi, umejaa, haukupungua. Kwa hiyo tulipomaliza tulikuwa na mafungu arobaini na moja, kila fungu siku moja ya kazi ya Mwenyewe, na hatukujua siku ipi inafuata ipi.

"Sasa," Mzee Hezroni alisema, "kuna mtu mmoja aliyeisikia kwa kufuatana."

Nilijua anamsema nani, na nilijua ni nani atakayetumwa. Nilipiga moyo konde. Mchungaji alinipa barua, nikaenda kijiji kipya, nikapita kwenye daraja la mbao juu ya handaki, walinzi wakaisoma barua kichwa chini miguu juu, wakaniruhusu. Mama Njoki alikuwa ametoka kazi ya lazima ya asubuhi. Alikuwa ameketi mlangoni anasuka kiondo. Nikapiga magoti nikamwambia yote: wembe, namba, jiko, chai.

Hakuinua macho. Vidole vyake viliendelea kusuka mpaka nilipomaliza, na hata baada ya hapo.

"Miaka nne," alisema, "mimi nalala na hizo kamba chini ya kitanda. Hata panya haikukata. Nyumba ilibomolewa, hazikupotea. Wewe siku moja."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Nitakusamehe, lakini si leo. Leo nimekasirika." Akasuka tena. "Daftari uko nayo?"

"Ninayo."

"Basi andika."

Akaanza kunisimulia hadithi ya seremala, kutoka mwanzo. Alikuwa nayo yote. Alijua sauti ya kila mtu, kwa sababu Mwenyewe alimsomea kwa sauti mbalimbali, na alipofika kwa yule bibi harusi mchokozi alibana pua kama Mwenyewe alivyobana. Wanawake wa nyumba za jirani wakasogea. Nilirudi Jumamosi tatu, na Jumamosi ya tatu kulikuwa na watu wengi kuliko wanaokuja kanisani kwetu. Akafika mahali seremala anaona, ng'ambo ya mto, moshi wa jiko la binti yake.

"Hapo ndipo mwisho wangu," alisema. "Alinisomea hiyo usiku, asubuhi akaenda. Ile ingine sijui." Kisha, bila mimi kuuliza: "Leo nimekusamehe, mwari. Nimefurahi kuisema."

Mwari ni binti kwa Kikuyu. Nilitembea kurudi Ruiru mjini nikilitafuna neno hilo.

Kwa daftari langu, mafungu arobaini yalipata mahali pao kwa wiki moja. Likabaki moja, lenye tikiti nne. Mzee Hezroni alisoma mstari wa kwanza wa ile iliyokuwa safi mgongoni, akaona seremala anavuka mto, akazifunika zote kwa bamba la chuma. "Hii siisomi, na wewe husomi. Aliyeingoja ndiye wa kwanza."

Hapo ndipo nilipokosa raha kabisa. Tikiti nne. Mwenyewe alisema ataimaliza siku ile, na siku nyingine aliandika tano, sita, hata nane. Ningewezaje kujua kwamba siku niliyowasha jiko, katika vile vipande vya karatasi nilivyokusanya na kamba, hakukuwa na tikiti? Nilimwambia Mzee Hezroni. Hakunifariji. Alisema tu, "Utamwambia Mama Njoki akija."

Alikuja baada ya mwezi, na pasi ya siku moja aliyoipigania kwa chifu. Alivaa gauni lake la kanisani. Tulimpa kiti cha karibu na dirisha, mchungaji akaketi kwenye benchi, na Mzee Hezroni akaanza kusoma kutoka mafungu kumi ya mwisho, kwa sauti yake ile ya upole isiyobana pua. Mama Njoki alikuwa anatangulia, midomo ikisema kabla yake. Walipofika kwenye moshi ng'ambo ya mto, midomo ikasimama. Mzee Hezroni akaondoa bamba la chuma.

"Ngoja," Mama Njoki alisema. "Huyu msichana asome. Yeye ndiye alizitupa, na yeye ndiye amezitafuta."

Nikazichukua. Nikaziweka juu ya meza. Nikasoma. Seremala anavuka mto, maji kifuani, mlango kichwani. Anapanda mteremko. Mabega yamechubuka na haoni tena njia wala miguu yake. Anafika uani kwa binti yake, na hajui abishe vipi, kwa sababu nyumba haina mlango bado, mlango anao yeye. Basi anausimamisha kwenye uwazi wa ukuta, anasimama nje, anaugonga. Sauti kutoka ndani inauliza, nani? Na tikiti ya nne ikaisha hivi: "Naye aka".

Niligeuza tikiti. Nyuma mlikuwa na chapa ya kiwanda na madoa ya ile ya tatu. Hakuna zaidi.

"Imeisha?" Mama Njoki aliuliza.

Sikuweza kumtazama. "Mama, hapa imekatika. Siku ile nilichoma kamba pamoja na vipande vingine. Huenda mwisho ulikuwemo. Huenda nimeuchoma mimi."

Treni ya mizigo ilikuwa inaingia stesheni, ikapiga breki kwa muda mrefu. Mzee Hezroni alininyang'anya ile tikiti ya nne, akaenda nayo dirishani, akaiinamisha. Akachukua ile ya tatu akaishika kando yake. Kisha akatuita sote.

"Tazama hii ya tatu. Wino wake umefifia, kwa sababu nusu yake imebaki mgongoni mwa ya nne. Sasa tazama ya nne." Akaweka kidole chini ya yale maneno mawili. Wino ulikuwa mweusi tii, umesimama juu ya karatasi. "Hakuna kitu kilichowekwa juu ya hii. Alipofika hapa aliweka kalamu chini, na wino ukakauka wenyewe. Hakuandika nyingine siku ile. Na hakukuwa na siku nyingine."

Mama Njoki alinyoosha mkono, akapewa tikiti. Alipitisha kidole juu ya wino, taratibu, kutoka upande mmoja hadi wa pili, kama mtu anayesoma.

"Kwa hivyo hakumaliza," alisema.

"Hakumaliza, mama," Mzee Hezroni alijibu.

Machozi yalimtoka, lakini uso wake ulikuwa umelegea kuliko siku yoyote niliyomwona. "Miaka nne mimi nimemkasirikia, na yeye ni maiti. Nilikuwa nafikiri alifika huko peke yake, akaona mwisho, akaenda nao. Kumbe hakumaliza bila mimi."

Mchungaji alisema kamati haitakuwa na haja ya kukaa kunijadili. Mzee Hezroni akanipa kadi tupu, ya kwanza niliyowahi kujaza katika kazi hii, akanitajia jinsi ya kuandika: tikiti za mizani, idadi yake, hali yake, hadithi haikukamilika. Mama Njoki aliuliza tunaandika nini. Nikamsomea.

"Ongeza hapo chini," alisema, "ya kwamba mke wake amesomewa yote."

Niliongeza. Tangu siku hiyo watu wengi, wengine hodari sana, wametuandikia kuomba ruhusa ya kuiandikia hadithi hiyo mwisho, na ninyi pia mtaandikiwa. Wajibuni kwa heshima, na muwatumie nakala ya kadi.